Namba za PET katika saratani za kichwa na shingo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ripoti ya PET/CT (picha ya CT ya eksirei pamoja na PET, picha ya dawa yenye mionzi) huja na namba. SUVmax 14.2, MTV mililita 21, na nyinginezo. Mgonjwa anazipiga picha kwa simu, anazirusha kwenye grupu la familia, na kabla jua halijazama kila mtu ana tafsiri yake. Hapa tumekusanya maswali tunayoulizwa zaidi: namba hizo hupatikanaje, zinaweza kutabiri nini, na zinaishia wapi. Tunazungumzia saratani za kinywa, ulimi, tonsili, koo na zoloto, zile zinazoanzia kwenye utando wa ndani. Saratani ya tezi ya thairoidi ina taratibu zake na haimo humu.

PET inaonyesha nini ambacho CT haionyeshi?

CT inaonyesha umbo, PET inaonyesha kazi. Unachomwa sindano ya FDG, ambayo ni sukari iliyopachikwa chembe ya fluorini-18 yenye mionzi. Seli za saratani hula glukosi kwa pupa, jambo ambalo Otto Warburg wa Ujerumani alilieleza tangu miaka ya 1920. FDG huingia ndani ya seli kwa mlango uleule wa glukosi, lakini ikishaingia haiwezi kusagwa hadi mwisho, basi inanasa humo. Baada ya kama saa moja mashine inasoma mionzi inatoka wapi na kwa wingi gani, na CT iliyopigwa papo hapo inasema ni kiungo gani.

Faida yake kwenye eneo la shingo ni kubwa kwa sababu mahali penyewe pamebanana: misuli, mishipa, tezi za mate, tezi limfu chungu nzima. Tezi ya milimita 9 kwenye CT inaweza kuonekana ya kawaida kabisa, kumbe PET inaiona inawaka. Lakini si kila kinachowaka ni saratani. Ubongo huwaka, tonsili za mtu mzima wa afya huwaka, na tezi za mate pia.

SUV ni nini hasa?

Ni uwiano. Unauliza hivi: kama ile dawa ingesambaa sawasawa mwili mzima, kila gramu ingepata kiasi gani? Kisha unaangalia uvimbe umepata mara ngapi ya hicho.

Tuchukue mgonjwa wa kilo 60 aliyechomwa megabekereli 240 (bekereli ni kipimo cha wingi wa mionzi). Ikisambaa sawasawa, kila gramu inapata kilobekereli 4. Mashine ikisoma kilobekereli 48 kwa kila mililita ya uvimbe, baada ya kufidia mionzi iliyokwisha kufifia, SUV ni 12. Hesabu ya darasa la saba.

Sasa angalia mahali inapoharibika. Watu wenye saratani za kinywa na koo hukonda haraka kwa sababu kumeza ni taabu. Mgonjwa huyo alikuwa na kilo 80 miezi minne iliyopita, na ndiyo iliyoandikwa kwenye faili. Mhudumu akinakili kilo 80 badala ya kumpandisha kwenye mizani asubuhi ile, kila gramu inahesabiwa kilobekereli 3, na SUV inaruka hadi 16. Uvimbe haujabadilika hata chembe. Kwa hiyo ukifika kwenye kipimo na hujapimwa uzito wala kuulizwa urefu, waulize wao. Huo si usumbufu.

SUVmax yangu ni kubwa. Ina maana saratani yangu ni kali kuliko ya wengine?

Hapana, si lazima. Neno "max" lina maana ya kile kidoadoa kimoja kinachowaka zaidi kwenye uvimbe mzima. Ni namba rahisi kupatikana (daktari anabofya mara moja tu), ndiyo maana imo kwenye kila ripoti, na ndiyo maana watu wanaishikilia. Lakini kidoadoa kimoja huyumba kwa sababu ya kelele za picha, na hakisemi lolote kuhusu sehemu iliyobaki.

Tafiti nyingi za miaka ya mwanzo zilijaribu kutabiri maisha ya mgonjwa kwa SUVmax. Baadhi zilipata uhusiano, baadhi hazikupata, na kila moja ilikuwa na mpaka wake kati ya "juu" na "chini". Kwa maoni yetu, SUVmax inafaa kumwambia daktari atoe wapi kinyama (kipande kidogo cha kupimwa maabara), na kulinganisha picha mbili za mtu mmoja zilizopigwa kwa mashine ileile. Kutabiri mwisho wa ugonjwa kwa namba hiyo peke yake ni kubahatisha.

Basi MTV na TLG ni nini?

MTV ni ujazo wa sehemu ya uvimbe inayowaka, kwa mililita. TLG ni MTV ikizidishwa na wastani wa SUV ndani ya ujazo huo. Moja inasema uvimbe hai ni mkubwa kiasi gani, ya pili inajumlisha ukubwa na ulafi wake wa sukari.

Tuseme wagonjwa ni wawili. Wa kwanza ana uvimbe wa ulimi wenye SUVmax 18, wastani 10, ujazo mililita 5. TLG yake ni 50. Wa pili ana SUVmax 10 tu, wastani 6, lakini uvimbe na tezi zake vina jumla ya mililita 40. TLG yake ni 240. Ukisoma SUVmax peke yake utamhofia wa kwanza. Ukisoma ujazo utamhofia wa pili, na kwa mujibu wa tafiti, huko ndiko kusoma vizuri zaidi.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 85. Kila MTV ilipoongezeka kwa mililita 17.4, hatari ya ugonjwa kurudi au ya kifo ilikaribia kuwa maradufu. SUVmax katika wagonjwa haohao haikutabiri kitu. Mwaka 2014 ukatoka uchambuzi uliojumlisha tafiti 13 zenye wagonjwa 1,180: wenye MTV kubwa walikuwa na hatari ya kifo takriban mara 3.5 ya wenye MTV ndogo, na kwa TLG takriban mara 3.1. Tangu hapo tafiti nyingine nyingi zimeelekea upande huohuo.

"Hatari mara tatu" ina maana nitakufa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini na mara nyingi na ndugu, siyo mgonjwa. Tulijibu kwa mfano wa kubuni. Katika kundi la wenye MTV ndogo, tuseme watu 80 kati ya 100 wako hai baada ya miaka miwili. Kundi lenye hatari mara tatu, hesabu inatoa kama watu 51 kati ya 100 walio hai (hatari hiyo ni ya kila siku inayopita, basi hesabu ni 0.8 × 0.8 × 0.8, siyo vifo 20 mara tatu). Ni tofauti kubwa, hakuna wa kuipuuza. Ila angalia tena: kwenye kundi "baya" zaidi ya nusu wako hai, na kwenye kundi "zuri" watu 20 hawapo. Namba inakuweka kwenye kundi. Haikuambii wewe ni yupi ndani ya kundi.

Na makundi yenyewe yamegawanywa kwa kalamu. Watafiti wengi huchukua MTV za wagonjwa wao, wakazipanga, wakakata mahali panapotoa tofauti nzuri kuliko kwingine kote. Mpaka uliopatikana hivyo huonekana mkali sana kwenye hospitali ulikotoka, na hufifia ukipelekwa kwingine. Ndiyo maana ukisoma mtandaoni kwamba "zaidi ya mililita 40 ni hatari", usikimbilie kulinganisha na ripoti yako.

Kwa nini hospitali mbili zimenipa MTV tofauti kwa uvimbe uleule?

Kwa sababu hakuna ukuta unaoonekana kati ya uvimbe na nyama nzima. Kinachoonekana ni mwanga unaofifia taratibu, na mtu anaamua akate wapi. Kuna wanaokata kwenye SUV 2.5: kila kilicho juu yake ni uvimbe. Kuna wanaokata kwenye asilimia 40 au 41 ya SUVmax. Mgonjwa mwenye SUVmax 18, njia ya pili inakata kwenye 7.2, na kila kitu kati ya 2.5 na 7.2 kinaachwa nje. Ujazo unaweza kupungua kwa nusu au zaidi bila yeyote kukosea. Upande wa pili, njia ya SUV 2.5 ikitumiwa shingoni inaweza kumeza tonsili nzima na sehemu ya misuli ya ulimi, hadi mtu azifute kwa mkono.

Mambo mengine yanayovuruga, kwa ufupi wake: muda kati ya sindano na picha (uvimbe mwingi huendelea kunyonya FDG hata baada ya dakika 60, hivyo aliyepigwa picha dakika ya 90 atakuwa na SUV ya juu), sukari ya damu, aina ya mashine, na programu ya kuunda picha. Mashine mpya hutoa SUVmax kubwa kuliko za zamani kwa kidonda kidogo. Ulaya kuna mpango wa EARL unaozipima mashine za hospitali mbalimbali kwa chombo kimoja cha majaribio ili namba zake zilingane.

Halafu kuna meno. Meno yaliyozibwa kwa madini au kuvikwa kofia za chuma huichanganya CT, na kwa kuwa PET hutegemea CT kusahihisha mionzi inayomezwa na mwili, eneo la karibu na jino linaweza kuonyesha SUV kubwa kuliko ukweli. Msomaji mzoefu hufungua na ile picha ya PET isiyosahihishwa. Kama kinachowaka kipo huko pia, ni cha kweli.

Kidonda kilicho chini ya sentimita 1 hivi kina tatizo la kinyume: mwanga wake unamwagika pembeni, SUV inasomeka ndogo kuliko ilivyo. Na tezi iliyooza katikati haiwaki katikati, hata kama saratani imo.

MTV si ni ukubwa wa uvimbe tu kwa jina la kisomi?

Kwa kiasi fulani ndiyo, na ni swali zuri kuliko wanavyodhani wanaouliza kwa aibu. Uvimbe mkubwa una MTV kubwa, na kwamba uvimbe mkubwa ni mbaya madaktari walijua kabla ya PET kubuniwa. Swali la kisayansi ni kama MTV inaongeza kitu juu ya hatua ya ugonjwa, umri, sigara na hali ya mgonjwa. Tafiti nyingi husema inaongeza. Sababu moja inaingia akilini: TNM, mfumo wa kupanga hatua za saratani, unapima uvimbe wa kinywani kwa sentimita na kwa tishu ulizovamia, halafu tezi kwa utaratibu mwingine kabisa. MTV inajumlisha uvimbe na tezi zote katika namba moja.

Onyo lilitoka kwenye uwanja wa jirani, ule unaoitwa radiomiksi, ambapo kompyuta huchota mamia ya vipimo vya mpangilio na ukwaruzo kutoka kwenye picha. Mwaka 2014 jarida la Nature Communications lilichapisha kazi ya Hugo Aerts na wenzake: vipimo vinne tu vya CT vilitabiri maisha ya wagonjwa wa saratani ya mapafu na ya kichwa na shingo. Ikasifiwa sana. Mwaka 2019 watafiti wa Toronto wakafanya jambo la kichokozi. Walizivuruga picha kwa makusudi, wakazichanganya doa kwa doa hadi mpangilio wowote ukapotea, kisha wakaendesha hesabu ileile. Utabiri ukabaki karibu palepale. Kilichokuwa kinatabiri muda wote ni ujazo wa uvimbe.

Tangu nisome kazi ile, kila nikiona utafiti wenye namba mpya ya ajabu natafuta kwanza kama waandishi waliilinganisha na ujazo mtupu. Wasipofanya hivyo nafunga ukurasa.

HPV inabadilisha hesabu hizi?

Sana. Saratani za koo la kati, eneo la tonsili na shina la ulimi, zinazosababishwa na kirusi cha HPV huitikia matibabu vizuri zaidi. Katika uchambuzi wa Ang na wenzake wa mwaka 2010, walio hai baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 82.4 kwa wenye HPV na asilimia 57.1 kwa wasio nayo. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba toleo la 8 la mfumo wa TNM liliwapa hatua zao za pekee.

Wagonjwa wa HPV mara nyingi wana uvimbe mdogo tonsilini na tezi kubwa shingoni. MTV ya jumla inapanda kwa sababu ya tezi, ilhali matumaini yao ni mazuri. Kwa hiyo namba isiyoambatana na jibu la p16, kile kipimo cha maabara kinachoashiria HPV, ni nusu ya habari. Tafiti nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zimekuta sehemu ndogo tu ya saratani hizi ikiwa na HPV, tofauti na Marekani na Ulaya kaskazini. Ukisoma takwimu za kule zinazotia moyo, angalia kwanza wagonjwa wao walikuwa akina nani.

Nimewahi kuugua TB. Tezi zangu zitasomeka vibaya?

Inawezekana. FDG haitambui saratani, inatambua ulaji wa sukari, na seli za kinga zinazopambana na kifua kikuu zinakula sukari vilevile. Tezi ya TB shingoni inaweza kuwa na SUV ya 8 au 12, sawa kabisa na ya saratani. Hali kadhalika VVU, hasa virusi vikiwa vingi kwenye damu: tezi za pande zote mbili za shingo, kwapani na kinena huwaka kwa pamoja.

Huku kwetu jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa kwenye vitabu vilivyoandikwa kwingine. Tezi ya TB ikihesabiwa ndani ya MTV, mgonjwa anahamishiwa kundi baya bure. Mweleze daktari historia yako yote ya TB, hata ile ya utotoni uliyosimuliwa na mama, na tezi yenye mashaka itolewe kinyama kwa sindano kabla haijabadilisha mpango wa tiba. Hakuna mpaka wa SUV unaotenganisha TB na saratani.

Ni wapi PET inatabiri vizuri kuliko pote?

Baada ya matibabu. Watu wengi hawalitarajii jibu hili, kwa kuwa makala nyingi zinahangaika na picha ya kwanza.

PET ikipigwa miezi mitatu baada ya mionzi na tibakemikali, na shingo ikawa safi, uwezekano kwamba ni safi kweli ni takriban asilimia 95. Hayo ni matokeo ya uchambuzi wa mwaka 2011 uliojumlisha tafiti 51 na wagonjwa zaidi ya 2,300. Angalia na upande wa pili wa uchambuzi uleule: PET ikisema kuna kitu shingoni, ilikuwa sahihi karibu nusu tu ya mara. Picha safi inaaminika, picha inayowaka inahitaji ushahidi mwingine.

Jaribio lililobadilisha desturi ni PET-NECK la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2016. Zamani mgonjwa aliyekuwa na tezi nyingi au kubwa shingoni alimaliza mionzi, kisha akapasuliwa shingo kuondoa tezi hata kama hazikuonekana tena, kwa tahadhari. Upasuaji huo huacha bega gumu, ganzi, na kovu refu. Watafiti waliwagawa wagonjwa 564: nusu wapasuliwe kama desturi, nusu wapigwe PET/CT wiki 12 baada ya matibabu na wapasuliwe tu wale ambao picha haikuwa safi au ilitia shaka. Baada ya miaka miwili, walio hai walikuwa asilimia 84.9 upande wa PET na asilimia 81.5 upande wa upasuaji. Waliopasuliwa shingo: 54 upande wa PET, 221 upande wa pili. Na gharama ilishuka.

Kasoro tunayoiona, siyo ya jaribio bali ya kulinakili bila kufikiri: wengi wa wagonjwa wale walikuwa na saratani za koo la kati zenye HPV. Mgonjwa wa saratani ya kinywa asiye na HPV, anayeishi mbali na hospitali na hana hakika ya kurudi kwa kipimo wiki ya 12, si yule aliyechunguzwa kule.

Kwa nini wiki 12? Tunakaa roho juu.

Mionzi inaacha uvimbe na muwasho ndani ya tishu, na muwasho nao unakula sukari. Ukipiga picha wiki ya 5 utaona moto kila mahali na hutajua upi ni upi. Kwa wenye HPV tezi hunywea polepole, na picha ya wiki ya 12 ikiwa na mashaka, mara nyingi madaktari hurudia baada ya wiki kadhaa kuliko kukimbilia kisu. Kusubiri kunaumiza, tunajua. Ila ukipata dalili mpya, uvimbe unaokua, maumivu au damu, usingoje tarehe.

Vigezo vya Hopkins kwenye ripoti ni nini?

Ni ngazi ya alama 1 hadi 5 ya kusoma picha baada ya matibabu, kwa macho. Msomaji analinganisha mwanga wa eneo la zamani la saratani na mwanga wa damu kwenye mshipa mkubwa wa shingo na wa ini. Alama 1 hadi 3 huhesabiwa safi, 4 na 5 si safi. Inapendeza kwamba njia hii ya macho, isiyo na desimali hata moja, imefanya kazi vizuri.

Nimesikia kuna PET inayopima oksijeni.

Ipo. Uvimbe wenye oksijeni kidogo hauuawi kirahisi na mionzi. Dawa za FMISO na FAZA hunasa kwenye seli zilizokosa oksijeni. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima wagonjwa 40 kwa FAZA: asilimia 93 ya wasio na upungufu hawakuwa na ugonjwa wakati wa ufuatiliaji, kwa wenye upungufu ni asilimia 60. Wagonjwa wachache, lakini pengo si dogo.

Hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York imekwenda mbali zaidi. Kwa wagonjwa wa HPV waliokwisha kutolewa uvimbe wa kooni, waliwapima tezi kwa FMISO, na wale ambao upungufu wa oksijeni haukuwepo, au ulitoweka mwanzoni mwa tiba, walipewa greyi 30 za mionzi (greyi ni kipimo cha dozi) badala ya 70. Wengi sana walibaki bila ugonjwa kurudi shingoni baada ya miaka miwili. Huo ni utabiri unaotumika kupunguza mateso, ndio tunaotamani kuuona zaidi. Bado ni wa majaribio, usimwombe daktari wako akupunguzie mionzi kwa kuusoma hapa.

Akili mnemba haiwezi kufanya yote haya?

Inafanya sehemu moja vizuri: kuchora mipaka ya uvimbe na tezi, kazi inayomchosha binadamu. Sehemu ya kutabiri bado ni ngumu. Kuna mashindano ya kimataifa yanayoitwa HECKTOR, ambapo timu hupewa picha za PET/CT za saratani za koo kutoka hospitali mbalimbali na kutakiwa kutabiri nani ugonjwa utamrudia. Mwaka 2022 picha zilikuwa za wagonjwa 883 kutoka vituo 9. Timu bora ilipata alama 0.682 kwenye kipimo ambacho 0.5 ni sawa na kurusha sarafu na 1 ni kutokosea kamwe. Hizo ni timu bora duniani, zenye kompyuta za kila aina.

Kwa hiyo namba hizi zibadilishe matibabu yangu?

Picha yenyewe inaweza, na mara nyingi hubadilisha. Ikionyesha saratani imefika mapafuni, mpango unageuka siku hiyohiyo. Namba ya MTV peke yake, kwa sasa, hapana. Hakuna mwongozo mkuu tunaoufahamu unaosema mtu aongezewe au apunguziwe tiba kwa sababu MTV yake imevuka mililita fulani. Matumizi yake ya busara ni kupanga ufuatiliaji: mwenye ujazo mkubwa aonwe mara nyingi zaidi, asipotee, lishe yake ishughulikiwe mapema.

Nijiandaeje ili namba zisipotoshwe?

Usile kwa angalau saa 4 hadi 6 kabla, maji matupu yanaruhusiwa. Chai ya maziwa ni chakula. Mwenye kisukari azungumze na kituo siku kabla, kwa kuwa sukari ikizidi takriban 11 kwa kipimo cha mmol/L kwa kawaida kipimo huahirishwa. Usifanye mazoezi mazito siku iliyotangulia. Vaa nguo za joto: mtu anayesikia baridi huwasha mafuta ya shingoni na mabegani, na hayo huwaka kwenye picha palepale tunapotafuta tezi.

Baada ya sindano, kaa kimya. Hili wagonjwa hulichukulia kama ukali wa wahudumu. Ukipiga simu kwa nusu saa, misuli ya zoloto inafanya kazi na inakula FDG, na nyuzi za sauti zinatoka zinawaka kama zina ugonjwa. Vilevile kutafuna: bigijii, tambuu, miraa, hata njugu za mfukoni. Misuli ya taya itawaka yote miwili, au mbaya zaidi, upande mmoja tu.

Mjamzito au anayenyonyesha aseme kabla ya sindano.

Kipimo hiki kinapatikana Afrika Mashariki?

Nairobi kipo, kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na kwenye hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, zote zikiwa na siklotroni, yaani mtambo wa kutengeneza fluorini-18. Siklotroni ndiyo roho ya huduma. Fluorini-18 hupungua nusu kila dakika 110, basi dawa iliyotoka kiwandani asubuhi, ikikwama uwanja wa ndege hadi alasiri, imebaki robo au chini ya hapo. Wagonjwa wengi wa ukanda huu bado husafiri, baadhi hadi India, na hapo ndipo linapokuja tatizo la kulinganisha: picha ya kwanza ya Mumbai na ya pili ya Nairobi zina SUV ambazo hazipaswi kuwekwa kwenye mizani moja. Ukiweza, picha ya kabla na ya baada zipigwe mahali pamoja.

Nichukue nini nikitoka kituoni?

Ripoti, na CD au flashi yenye picha zenyewe. Karatasi zilizochapwa rangi ni nzuri kwa kutazama, lakini haziwezi kupimwa upya. Ripoti yako ikiwa na SUVmax pekee, kwenye zile picha za kidijitali daktari mwingine anaweza kupima MTV hata baada ya mwaka mmoja, kwa kizingiti kilekile atakachotumia kwenye picha mpya. Kabla hujaondoka dirishani, omba wajaribu kuifungua CD kwenye kompyuta yao, maana nyingine hutoka tupu.